Damu ya Kabla

12 Machi

Mama, na Kaka unayemsomea,

Kaka, futa miwani kwanza. Mama alilalamika kwamba barua iliyopita uliruka mistari miwili, na mistari yenyewe ndiyo iliyokuwa inakusema wewe.

Mimi mzima. Ningeweza kupiga simu, lakini Mama umeshatoa hukumu kwamba simu haisomeki mara mbili, basi naandika.

Mmeniuliza hasa nafanya kazi gani huku, maana mkiulizwa na watu mnaishia kusema nachunga sungura. Hamkukosea sana. Nitaeleza taratibu. Seli za mwili zina adabu: moja ikichakaa, inajiua yenyewe na kuipisha nyingine. Seli ya uvimbe haina adabu hiyo. Inakataa kufa. Ndani yake kuna protini inayoikinga isife, na sisi hapa maabara tunataka kuiona protini hiyo, iko wapi na ni nyingi kiasi gani. Kwa macho haionekani. Kwa hiyo tunachukua kipande chake kidogo, tunamdunga sungura, na damu ya sungura inatengeneza kingamwili. Ni kama askari anayemjua mhalifu mmoja tu, akimkuta popote anamkamata. Askari huyo ndiye ninayemtafuta. Mama, ukiulizwa tena, sema kwa ufupi: binti yangu anatafuta namna ya kuufanya uvimbe ufe.

Kaka, unaniuliza kila mara nitakuletea shemeji lini. Ninaye. Ana masikio marefu, anakula bure, hasemi asante, na akikasirika anapiga teke. Kwenye kizimba ameandikwa namba saba, lakini mimi namwita Shemeji.

Gauni ulilonishonea limenikaa vizuri, Mama. Zipu tu inakwama.

Binti yenu,
Daktari wa Sungura


2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imesomwa mara tatu, na sikuruka kitu. Mara ya kwanza Mama alisimamisha cherehani. Unajua mwenyewe, cherehani ya Mama haisimami hata kwa mgeni.

Alinitaka nirudie pale pa uvimbe kufa. Nikarudia. Akasema, "Huyu mtoto nilimnyonyesha mimi." Tangu siku hiyo kila mteja anayekuja kupimwa nguo anahadithiwa, na wewe umeshakuwa daktari bingwa. Nilijaribu kusema kwamba wewe ni fundi wa maabara, akanitazama kama nimetukana.

Kazini kwetu uchapaji unaendelea. Mwezi huu ni kadi za harusi tu, maua kila pembe. Vijana wananiita Fundi Wino, na mke wangu anasema jina linanifaa kwa sababu shuka zote zina madoa.

Sasa maneno ya Mama, ananisimamia niyaandike kama alivyoyasema: "Daktari wangu, zipu ipake sabuni kavu itateleza. Yule paka aliyekuwa anaingia chumbani kwako bado anakuja? Halafu kuuliza si ujinga. Kuna jirani hapa ana kivimbe kwenye ziwa, hakiumi. Ameambiwa akatwe, anaogopa. Je, angoje hiyo kazi yenu, au afanyeje? Nijibu nimwambie."

Basi. Msalimie Shemeji.

Kaka yako,
Fundi Wino


21 Aprili

Mama na Kaka,

Mstari umetokea!

Naandika mkono ukiwa bado unanuka dawa ya maabara. Tunachukua seli za uvimbe, tunazisaga, tunazitandaza kwenye karatasi nyeupe laini, halafu tunamwagia maji ya damu ya sungura. Kama kingamwili imeitambua protini yetu, unatokea mstari mmoja mweusi mahali pake. Kwa miezi mitatu karatasi zangu zilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Jana umetokea mstari. Mmoja, mweusi, palepale ulipotakiwa. Profesa, ambaye huwa hasifii hata mvua ikinyesha wakati wa kiangazi, aliuangalia akasema, "Huu unapendeza." Wenzangu wananiita Mama Mstari.

Shemeji nimempa karoti mbili. Hakusema asante.

Sabuni kavu imefanya kazi, Mama, zipu inateleza. Paka bado anakuja, sasa ana watoto wanne chini ya kabati langu. Kaka, pole na shuka.

Nina haraka, narudi maabara. Nawapenda.

Daktari wenu


30 Juni

Mdogo wangu,

Hii naandika kazini, mashine ziko kimya kwa sababu umeme umekatika. Ukinijibu, tumia anwani ya kiwanda. Nyumbani Mama anafungua barua zote, hata zenye jina langu.

Jirani hakuna. Kivimbe ni cha Mama.

Mke wangu ndiye aliyekiona, alipokuwa anamsaidia kuvua blauzi kwa sababu mkono wa kushoto haupandi vizuri. Si kivimbe tena. Kimefika kwapani, na ngozi imevutika. Nilipomuuliza tangu lini, akasema siku si nyingi. Nikamwambia twende hospitali kesho. Akasema hakuna haja, binti yake anatengeneza dawa, mstari umeshatokea, ni miezi michache tu. Anautaja huo mstari wako kama mtu anayetaja tarehe ya harusi.

Nilipomsukuma sana akamtaja Mama Mkubwa. Unakumbuka, tulikuwa wadogo: dada yake aliingia chumba cha upasuaji anatembea kwa miguu yake, akatoka amefunikwa. Mama ndiye aliyeshika viatu vyake nje ya mlango. Nadhani bado ameshika vile viatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema mtoto wake afanyeje.

Niambie ukweli, usinipake mafuta. Dawa ipo? Lini? Hata mimi nimekuwa naamini, sikufichi. Nimekuwa nasoma barua zako kwa sauti na kuamini.

Kaka yako


11 Julai

Kaka,

Dawa haipo.

Naandika polepole ili ikae sawasawa. Kingamwili ninayotengeneza si ya kumpa mtu. Ni ya kuonea. Ni tochi. Ukiwa na tochi nzuri unaweza kumwona mwizi yuko chumba gani, lakini tochi haimkamati. Kama tochi yangu ingekuwa nzuri, watu wengine wangeitumia kujifunza, na wengine baada yao, na labda ikatoka dawa wakati watoto wako wana watoto. Hilo nilipaswa kuliandika mwezi wa tatu. Niliandika "kwa ufupi".

Na tochi yenyewe si nzuri. Hili hata Profesa sijamwambia, nakwambia wewe kwanza.

Kabla ya kumdunga sungura sindano ya kwanza, unamtoa damu kidogo sikioni. Tunaiita damu ya kabla. Unaiweka kwenye friza. Baadaye ukipata mstari, sheria ni kwamba unarudia jaribio lilelile kwa damu ya kabla. Karatasi ikibaki nyeupe, mstari ni kazi yako. Mstari ukitokea hata hapo, basi ulikuwemo kwenye damu ya mnyama kabla hujamgusa, na wewe hujatengeneza kitu. Ni jaribio la siku moja. Mwezi wa nne sikulifanya. Kichupa kilikuwa nyuma kabisa ya friza, Profesa alikuwa ameshasema unapendeza, na mimi nilikuwa na furaha. Nikajiambia nitafanya wiki ijayo. Zikapita wiki kumi na moja.

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Nilifungua friza nikakitoa kichupa. Sijui kwa nini nilikitaka siku hiyo. Nilitaka tu kufanya jambo ambalo lina majibu.

Mstari upo. Mweusi, palepale. Shemeji alizaliwa nao.

Sikulia. Niliosha vyombo vya watu wote wa maabara, hata visivyokuwa vichafu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Mama. Mpe mkononi. Usimsomee kwa sauti kama anavyopenda, hii asome mwenyewe.

Mdogo wako


[Karatasi ya pili]

Mama,

Sina dawa. Hakuna mtu hapa mwenye dawa, na ule mstari ulikuwa wa uongo. Kosa ni langu, si lako wewe uliyeniamini.

Najua habari ya viatu vya Mama Mkubwa. Safari hii viatu atashika Kaka, na mimi nitakuja nishike kimoja. Nenda hospitali wiki hii. Nakuomba, Mama. Sijawahi kukuomba kitu zaidi ya nguo.

Mwanao


24 Julai

Mdogo wangu,

Alisoma akiwa amekaa kwenye cherehani. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye sanduku la nyuzi. Akasema, "Sawa." Kisha akasema, "Amekonda huyo, mwandiko umekuwa mdogo."

Tumeenda. Daktari wa upasuaji ni kijana, mpole, anaongea huku anaangalia meza. Tarehe ni mwezi ujao, siku ya saba. Kabla ya hapo vipimo vya kifua na ini.

Mama ameniuliza kama utachukuliwa hatua kazini kwa huo mstari. Nimesema sijui. Akasema, "Mwambie afumue ashone upya, nguo haijachanika."

Kaka yako


2 Oktoba

Kaka,

Samahani kwa kukaa kimya tangu nilipoondoka huko. Nilikuwa nakaa kuandika, naandika tarehe, basi.

Nilifika nikiwa nimechelewa siku moja kukishika hicho kiatu. Ulinieleza pale mlangoni na mimi nilisikia kila neno: walifungua, wakaona uvimbe umezama hadi kwenye mbavu, hauondoleki, wakafunga. Baada ya mazishi ulinieleza na zile siku kumi na tisa za mwisho za Mama, chumbani, mimi nikiwa nimekaa naye na kumkuna mgongo. Hizo nilizijua, nilikuwepo. Uliendelea kunieleza tu na mimi niliendelea kusikiliza. Nadhani sote tulikuwa hatuna kazi nyingine.

Msibani sikulia na watu waliona. Mama Mdogo alinishika mkono akasema, "Tulikuwa tunaingoja dawa yako, mwanangu." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana sina hata wa kumkasirikia. Baada yake walikuja watu watatu wengine, wateja wa Mama wa nguo, wakasema karibu maneno hayohayo. Nikawa najibu asante.

Huku mambo yako hivi. Profesa nilimwambia yote. Alivua miwani, akaivaa, akasema, "Andika tarehe ya leo. Anza upya." Tumeleta sungura watatu wapya. Damu ya kabla nimeitoa, nikaipima siku hiyohiyo, karatasi zote tatu nyeupe. Shemeji hatumiki tena kwa lolote. Hapa mnyama asiyetumika huuawa kwa sindano, sitaeleza zaidi. Nilimshika mimi mwenyewe. Sikuhisi kitu, ila mikono yangu ilikuwa na baridi hadi kesho yake.

Nakula. Nalala. Nikipiga mswaki nasahau kusuuza.

Kuna jambo nataka kukuuliza na unijibu kama ulivyoniomba mimi, bila kunipaka mafuta. Barua yangu ni ya tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu. Mama alikwenda hospitali mwezi wa saba mwishoni. Katikati hapo ni miezi minne na zaidi, aliyokaa akiingoja dawa niliyomwandikia mimi. Kama nisingeandika ile barua, angekwenda mapema? Wewe ulikuwa unaishi naye. Niambie.

Na zile barua zangu zote, Mama alizokuwa akizitunza kwenye sanduku la nyuzi, zichome.

Mdogo wako


27 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua sijazichoma. Ninakujibu kwanza, ukitaka kuzichoma uje uzichome mwenyewe.

Swali lako nilikaa nalo siku tisa. Ningesema "hapana, usijilaumu" ungejua nakupaka mafuta, maana ndivyo kila mtu anavyosema. Mke wangu akasema tulisafishe sanduku la nyuzi, kuna wanafunzi wa cherehani wanazihitaji. Mama alikuwa anazungushia nyuzi kwenye chochote, unamjua, vijiti, mifupa ya kuku, vipande vya maboksi. Kulikuwa na uzi wa bluu umezungushwa kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa. Nikaufungua ili kuona kama unatosha kitu.

Karatasi ni kadi ya kliniki. Ya Mama. Sehemu ya juu, penye tarehe na muhuri, imekatwa kwa mkasi, imenyooka kabisa, mkasi wa fundi. Chini kuna mwandiko wa daktari: "Uvimbe, ziwa la kushoto. Apelekwe upasuaji mapema." Na chini ya hapo kwa mwandiko mwingine: "Mgonjwa amekataa."

Sasa nisikilize, hapa ndipo kazi yangu mimi inapoingia, usidhani ni wewe tu mwenye taaluma. Kadi hiyo ni ya njano. Kadi za kliniki ile tunazichapa sisi. Karatasi ya njano ilituishia mwezi wa kwanza. Nakumbuka kwa sababu niligombana na mleta karatasi hadi nikakosa sauti, na kliniki nao walikuwa wameishiwa wanatusukuma. Kuanzia tarehe mosi mwezi wa pili wanaandikia kadi za kijani, nilizipanga mimi kwa mkono wangu, na ya njano hawakubakiwa nayo hata moja. Nilikwenda nikawauliza tena ili nisije nikakudanganya. Yule mama wa mapokezi alicheka, akasema, "Za njano? Hizo zilikwisha, tulikuwa tunaandikia hadi migongoni mwa bahasha."

Kwa hiyo Mama alikwenda peke yake kabla ya mwezi wa pili. Aliambiwa. Akakataa. Akarudi nyumbani, akaikata tarehe, akazungushia uzi. Wewe ulikuwa hujaandika neno.

Dawa yako alikuja kuikuta tu mlangoni, akaiokota, kwa sababu ilifanana na alichokuwa anakitafuta. Hilo ndilo jibu langu. Sijaongeza chumvi.

Kadi nimeitia humu. Uzi nimeuacha, ni mzuri.

Kaka yako,
Fundi Wino


15 Novemba

Kaka,

Kadi imefika. Nimeiweka mezani kwangu maabara, imeegemea kwenye taa. Profesa aliiona akauliza ni ya nini, nikamwambia ni damu ya kabla.

Nilikuwa nadhani nikipata jibu la namna hii nitapumua. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Naamini kila ulichoandika. Jaribio lako limefanywa vizuri kuliko langu. Mstari ulikuwepo kabla, sikuutengeneza mimi. Barua ya mwezi wa tatu nimeiweka chini, na nakushukuru, Kaka. Siku tisa si kidogo.

Lakini nilikuuliza swali la uongo. Nilikuuliza lile ambalo ningeweza kustahimili majibu yake.

Rudi kwenye sanduku utoe barua yangu ya mwezi wa nne, ile ya mstari. Uisome polepole. Nimejibu zipu. Nimejibu paka, hadi idadi ya watoto wake. Nimekupa pole ya shuka. Sasa toa nakala ya uliyoniandikia wewe kabla yake kama unayo, na kama huna utakumbuka, maana aliyasema Mama na uliyaandika kwa mkono wako. Aliuliza jambo la tatu. Alikuwa ameshakataa, ameshaikata tarehe, ameshazungusha uzi, na bado akauliza. Maana yake mlango alikuwa ameuacha wazi kidogo, na aliyeulizwa nilikuwa mimi. Sikulisahau kwa sababu lilikuwa gumu. Nililisahau kwa sababu nilikuwa na furaha, na jirani simjui.

Ulipoandika mwezi wa sita kwamba jirani hakuna, nililikumbuka palepale. Sikukwambia. Nilikwenda kuosha vyombo.

Sikuandikii unifariji. Hili halina karatasi ya njano. Nimekuambia ili tuwe wawili tunaojua.

Jana wale sungura wapya tumewapima. Mmoja ametoa mstari, na karatasi ya damu yake ya kabla ni nyeupe. Nimeirudia mara tatu. Ni nyeupe. Ni wa kweli huu. Wenzangu walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Leo asubuhi nikalia, kwenye chumba cha vizimba, nikiwa nimeshika ndoo ya majani. Si kwa muda mrefu. Nakuarifu tu.

Humu ndani kuna karatasi ndogo. Itie kwenye sanduku la nyuzi, pamoja na nyingine. Usichome kitu.

Mdogo wako


[Karatasi ndogo]

Mama,

Uliniuliza kuhusu jirani. Samahani, jibu limechelewa.

Mwambie asiingoje kazi yetu. Mwambie aende kesho asubuhi, kikiwa bado hakiumi, maana ndio wakati wake. Kama anaogopa, ana haki ya kuogopa. Aniandikie mimi, au anipigie simu hata kama haisomeki mara mbili, nami nitapanda basi la kwanza, nimshike mkono hadi mlangoni, na viatu vyake nitavishika mimi.

Mwambie nimesema hivyo.

Daktari wako